Taa ya Ta Lwakatare Inawaka Mchana

Pale Hamugembe, barabara ya vumbi inapokata kona kushukia migombani, kuna benchi la kanisa. Halikuibwa, jamani, msianze. Parokia ilipopata mabenchi mapya, hili la zamani Ma Kokuberwa alilionea huruma, akaliweka kando ya jiko lake la mkaa, akaanza kuuzia hapo kahawa ya tangawizi pamoja na akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna ambayo Mhaya asipompa mgeni ajue amemtukana. Kijiwe kikapata jina: Kigango, kama kanisa dogo la kijijini. Na kwa kuwa benchi la kanisa halijui kugeuka, waumini wa Kigango hukaa wote wakitazama mbele, bega kwa bega, wanabishana bila kuonana uso. Kilicho mbele yao, upande wa pili wa barabara, ni nyumba ya kupangisha ya Ta Lwakatare. Alasiri hiyo ya Novemba, jua likiwa limechomoza upya baada ya mvua ya asubuhi, taa ya baraza ya nyumba hiyo ilikuwa inawaka.

Ta Lwakatare aliketi mwisho wa benchi, mahali pake pa siku zote, akiitazama taa yake kwa mapenzi na kwa woga. Mapenzi yalikuwa na sababu. Ilikuwa taa ya chuma, nzito, yenye kofia pana kama sinia, na aliinunua kwa ajili ya senene tu, wale panzi watamu wa msimu wa mvua. Chini yake alikuwa amesimamisha mabati mawili yaliyoinamia pipa, ili wale wadudu wakivutwa na mwanga wagonge bati, wateleze, waingie pipani wenyewe kama waliotumiwa mwaliko. Zamani mke ndiye aliyemkusanyia mumewe senene, naye mume akamzawadia nguo mpya. Mwaka huu Ta Lwakatare alimwahidi mkewe, Ma Annastella, kwamba atamgeuzia mila: yeye ndiye atakayemletea, tena debe zima. Woga nao ulikuwa na sababu. Asubuhi alipoishika ile taa aifute vumbi, ilimpiga mkono ukafa ganzi hadi kwenye kiwiko. Hakumwambia mtu. Mwanaume aliyerithi nyumba ya kwanza kuingiziwa umeme mtaa mzima atasemaje kwamba ameumwa na taa yake mwenyewe?

Basi alikuwa anakunywa kahawa kwa mkono wa kushoto, na kusema kweli hakuna aliyeuliza.

Ndipo Elieth akavuka barabara. Elieth ni fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha mbele, mwanamke mpole ambaye akikasirika hupunguza sauti badala ya kuipandisha. Kifuani, kwenye blauzi, alikuwa amechomeka sindano kama kawaida yake. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo sana.

– Shikamoo, Tata.

– Marahaba, mwanangu. Naona umeijaribu taa yetu.

– Nimeijaribu. Imeniuma.

Ma Kokuberwa aliacha birika hewani.

– Imekuuma vipi? – akauliza Ta Lwakatare, kama mtu asiyejua.

– Kuwasha niliwasha salama. Nikaenda kusogeza bati, bado lina maji ya mvua. Nikarushwa mpaka ukutani. Nina gauni la kipaimara la watu, Tata, na mkono huu mpaka sasa hauwezi kutunga uzi kwenye sindano. Tazama.

Akachomoa sindano, akalamba uzi, akajaribu. Vidole vilitetemeka, uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Ta Lwakatare akaangalia chini, kwenye kikombe chake.

– Bojo! – akasema Ma Kokuberwa. – Pole, mama. Kaa.

– Sikai. Nimekuja kumkumbusha Tata. Fundi Protase alipopita alisema nini? Alisema nyumba hii taa zake zina waya mbili tu, haina ethi, ule waya wa kuupeleka umeme ardhini ukipotea njia. Akasema taa yoyote itakayowekwa iwe ya plastiki tupu mpaka hapo nyumba itakapofungwa waya upya.

– Protase! – Ta Lwakatare akajikuna shingo. – Nyumba hii ina umri kumzidi Protase. Waya zile aliziweka marehemu baba yangu, Mutembei, na hazijawahi kumdhuru mtu.

– Leo zimemdhuru mtu, – akasema Elieth kwa ile sauti ndogo. – Na usiku senene wakishuka, ni mimi nitakayekuwa chini ya yale mabati nikizoa. Mimi na watoto wote wa jirani, kwenye mvua.

Hilo lilimchoma Ta Lwakatare kuliko lile pigo la asubuhi. Lakini kabla hajapata la kusema, Kigango kikawa kimeshaanza ibada.

Wa kwanza alikuwa Aroni, dereva wa bodaboda, ambaye wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Ndiye aliyeifunga ile taa, si kwa ufundi wowote, ila kwa kuwa siku hiyo alikuwa na bisibisi.

– Dada Elieth, usiisingizie taa. Umevaa nini? Nailoni. Nailoni ikisuguana inatoa cheche. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Vaa pamba, utaniambia.

– Methali hiyo inahusu ndugu wasaliti, – akasema Profesa.

– Na nailoni si ndugu wa pamba?

Profesa ni Ta Buberwa. Amefundisha jiografia mpaka akastaafu, na tangu hapo hakuna somo linalomshinda, isipokuwa lile analoulizwa.

– Jambo hili ni la topografia, – akasema, akiinua kidole. – Hamugembe imeinama. Nyumba ya Lwakatare iko bondeni. Maji ya majirani yote huishia wapi? Kwake. Sasa umeme una tofauti gani? Unateremka kutoka nyumba za juu, unajikusanya kwake, unafurika. Elieth hajapigwa na umeme wa nyumba yake. Amepigwa na umeme wa majirani.

– Basi majirani waje waufuate, – akasema Ma Kokuberwa.

– Hapana, hapana, – Redio akadakia. – Mimi sasa nimeelewa. Ni ukongwe! Zile waya ziliwekwa enzi za Mzee Mutembei, si ndiyo? Umeme aliouingiza yeye, nani aliutoa? Hakuna! Umo humo humo ukutani. Umechachuka. Pombe ya lubisi ikikaa siku chache tu inakuangusha, sembuse umeme wa miaka yote hiyo?

Benchi zima likacheka, hata Elieth kidogo, kwa pua. Ta Lwakatare alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, maana wazo hilo lilimpendeza. Umeme uliokomaa! Si kila mwenye nyumba anao.

– Na ule waya wa tatu? – akauliza Elieth. – Taa ilikuja na waya tatu, Redio. Ule wa kijani na njano umeupeleka wapi?

– Ule? Ukutani zilikuwa mbili, kwenye taa tatu. Wa tatu nikauviringisha, nikaufunga utepe vizuri kabisa. Ni wa akiba.

– Akiba ya nini?

– Akiba haiozi! Kwani gari halina tairi la akiba?

– Bodaboda yako inalo?

– Haina. Ndiyo maana naiheshimu sana akiba.

Ma Kokuberwa akawamiminia kahawa tena, huku akitikisa kichwa. Yeye huongea mara chache, na akiongea huanza na marehemu.

– Mimi nawaambia, huyu ni Mzee Mutembei mwenyewe. Nilimjua. Hakupenda chuma kwenye umeme wake hata chembe. Swichi zake zote plastiki nyeusi. Vishikio vya taa, plastiki nyeusi. Mtu akimletea cha chuma, anakirudisha dukani kwa miguu. Leo mmemtundikia sinia la chuma barazani kwake, mkafunga na mabati humo humo kwa waya. Atakosa kukasirika?

– Mizimu haina nafasi katika sayansi, – akasema Profesa.

– Na umeme wa kuteremka mlima unayo?

Ta Lwakatare hakucheka safari hii. Alimkumbuka baba yake na zile swichi nyeusi, jinsi alivyokuwa akizibonyeza kwa fahari wageni wakija, washa na zima, washa na zima, mpaka mama anamwambia inatosha. Ni kweli, hapakuwa na chuma. Kwa nini hakuwahi kujiuliza kwa nini?

– Nina nadharia ya mwisho, – akasema Profesa, naye aliona anashindwa. – Ni senene.

– Senene hawajafika!

– Wale wa mbele, wapelelezi. Mmewahi kujiuliza kwa nini senene anaruka hivyo? Ana umeme mwilini. Kwa nini anafuata taa? Anafuata ndugu yake. Amekuja mmoja, amegusa bati, ameacha umeme wake pale, Elieth ameushika. Damu nzito kuliko maji.

– Kwa hiyo tunaokula senene…

– Mnajichaji.

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafanya kuku wa jirani wakimbie. Redio alipiga magoti kwenye matope. Alisema sasa anaelewa kwa nini msimu wa senene hapati usingizi. Halafu, akifuta machozi, akamgeukia Elieth amtie moyo:

– Lakini dada, usijali. Haba na haba hujaza kibaba. Leo kidogo, kesho kidogo, mwisho mwili unazoea.

– Mwisho mwili unazikwa, – akasema Elieth. Hakuwa anacheka tena.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja mgeni, ameshuka kwenye bodaboda pale kona, mgongoni kabeba begi, mkononi ndoo yenye mfuniko inayonukia dagaa. Alikuwa mrefu, mwenye macho ya kupima watu. Alisalimia wote kwa mpigo.

– Shikamooni, wazee. Naitwa Limi. Natokea visiwani, upande wa Muleba. Nauza dagaa, sasa nataka kuhamia huku mjini. Nimeambiwa kuna Mzee Lwakatare ana chumba.

Ma Kokuberwa alikuwa tayari ameshamtilia akamwani kiganjani. Kigango nacho kikageuka ghafla kikawa cha madalali.

– Umefika, waitu! – akasema Profesa. – Ndiyo ile nyumba mbele yako. Nyumba ya historia. Hewa ya ziwa.

– Wapangaji watulivu, – akasema Ma Kokuberwa, akimtazama Elieth.

– Na umeme! – akasema Redio. – Dada yangu, pale umeme ni mwingi mpaka kwenye mabati!

Ta Lwakatare alimkanyaga Redio mguu, polepole. Limi alitafuna kahawa yake. Aliitazama nyumba, akautazama mpera wa uani, akaitazama baraza. Alichukua muda wake.

– Nyumba nzuri, – akasema. – Mbona taa inawaka mchana?

– Tunaijaribu, – akasema Profesa.

– Mmeshaijaribu?

– Tumeshaijaribu.

– Sawa. Sasa nani anaizima?

Lilikuwa swali dogo, la mtu aliyechoka na safari. Hakuwa na nia mbaya. Lakini benchi lilitulia kama wakati wa kuinua hostia. Birika lilichemka peke yake.

– Aliyeiwasha, – akasema Profesa hatimaye.

– Mimi siigusi, – akasema Elieth. – Kibonyezo kiko kwenye ile kofia yenyewe ya chuma.

– Basi aliyeifunga.

– Mimi nilipatana kuifunga iwake, – akasema Redio. – Kuzima hatukupatana.

– Si wewe uliyesema ni nailoni tu? – akauliza Elieth. – Umevaa pamba. Nenda.

Redio akaitazama fulana yake kama anaiona mara ya kwanza.

– Pamba hii nina mashaka nayo.

– Profesa, je? Si umeme wa majirani tu?

– Goti langu, – akasema Profesa.

– Linauma?

– Ni… – Profesa akashusha pumzi. – Haya. Jana nilikwenda pale kuazima jembe. Nikaegemea lile bati. Sikuegemea kwa muda mrefu.

– Ilikupiga? – Redio akaruka. – Kumbe! Mimi ilinipiga siku ile ile nilipomaliza kuifunga! Nilidhani ni mimi tu! Niliona haya, nikasema nimeteleza!

– Uliniambia umeteleza kwenye ganda la ndizi, – akasema Ma Kokuberwa. – Nikafagia barabara nzima kutafuta hilo ganda.

Limi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ndoo yake.

– Ahsanteni kwa kahawa, wazee. Mimi nitauliza kwingine. Kule visiwani tuna taa za kuvulia, zinawaka usiku kucha katikati ya maji na mawimbi, na asubuhi anazizima yeyote aliye karibu. Sijawahi kukaa nyumba ambayo taa inaogopwa.

Ta Lwakatare alihisi uso unamchoma. Hakuwa anamwangalia Limi. Alikuwa anamwangalia Elieth, ambaye alikuwa amegeukia pembeni na kujaribu tena, bila kelele, kuupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Akamwona chini ya mabati, gizani, mikono imelowa, anacheka na watoto, anainama. Debe la senene la Ma Annastella likawa kitu kidogo sana.

– Mgeni, ngoja, – akasema. – Mimi ndiye Lwakatare.

Limi akasimama.

– Nami ilinipiga, – akasema mzee. – Asubuhi. Mkono huu. Nimekaa hapa nacheka na hawa wajinga wenzangu, huku najua. Elieth, mwanangu, nisamehe.

Hakungoja jibu. Akainuka, akatoa ufunguo mfukoni. Swichi kuu ya nyumba ilikuwa ndani ya kile chumba kitupu cha kupangisha, ukutani, na mpini wake ulikuwa wa plastiki nyeusi ya Mzee Mutembei. Redio alivua ndala zake za mpira akamrushia.

– Vaa hizi, Mzee! Viatu vyako vimelowa!

– Futa mikono! – akapiga kelele Ma Kokuberwa. – Futa mpaka ikauke!

Ta Lwakatare alifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, akavuka barabara na ndala zisizomtosha, visigino nje. Kigango kizima kikasimama. Alipita mbali na mabati kama mtu anayepita mbali na mbwa wa jirani. Akafungua mlango, akapotea ndani. Taa iliendelea kuwaka. Profesa alianza kusema kitu, Ma Kokuberwa akamziba mdomo kwa kitambaa cha birika.

Taa ikazimika.

– Amina! – wakaitikia wote, na makofi yaliyopigwa hapo hata askofu hajawahi kuyapata kwenye benchi lile. Redio alikimbia pekupeku kwenye matope akambeba mzee kiunoni, wakarudi wote wawili wanayumba, wanacheka.

Simu ikapigwa kwa fundi Protase, ambaye siku hiyo alikuwa Muleba kwa kazi. Ikawekwa sauti kubwa. Nyuma yake zilisikika honi za mabasi ya stendi.

– Taa ya chuma? – akasema Protase. – Kwenye zile waya mbili za marehemu? Mzee wangu, marehemu alikuwa na akili! Aliweka plastiki kwa kuwa plastiki haipitishi. Chuma bila ethi, waya mmoja ukichubuka tu humo ndani, kofia yote na mabati yote yanakuwa umeme, na unamtafuta binadamu apite naye kwenda ardhini. Msiiwashe. Mabati msiyaguse kabla sijafika. Kesho naishusha, naweka kishikio cha plastiki, halafu tunazungumza kufunga waya mpya nyumba nzima, zenye ethi yake.

– Fanya yote, – akasema Ta Lwakatare. – Nyumba nzima. Nimekubali.

– Nani amekushawishi? Mimi nimeshindwa tangu Pasaka!

Mzee akamtazama Limi, ambaye bado alikuwa ameshika ndoo yake.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, – akasema Ma Kokuberwa. Ilikuwa methali ya kwanza siku hiyo kukaa mahali pake.

Limi akatabasamu kwa mara ya kwanza.

– Vizuri. Sasa nani ataiwasha?

Safari hii Ta Lwakatare alikuwa na jibu.

– Hakuna. Ile ya chuma haiwaki tena. Protase akimaliza kazi yake, ya plastiki nitaiwasha mimi, kwa mkono huu, wewe ukiwa umekaa hapa unaniangalia. Chumba kikikupendeza, utaingia. Kisipokupendeza, utakunywa kahawa uende zako kwa amani.

Limi akaweka ndoo chini. Kigango kikasogea, bega kwa bega, mpaka akapata mahali.

– Na senene? – akauliza Redio kwa huzuni ya kweli.

– Senene walikuwepo kabla ya nguzo za umeme, – akasema Ma Kokuberwa. – Mama zetu waliwaokota alfajiri, kwenye majani, mabawa yakiwa mazito kwa umande, hata kuruka hawawezi. Kesho kukipambazuka, kila mtu na kikapu chake, pale mteremkoni. Ta Lwakatare utainama mwenyewe, ndipo Ma Annastella atakapoamini.

– Profesa naye aje? – akauliza Redio. – Si wana umeme?

– Nitavaa buti za mpira, – akasema Profesa.

Ma Kokuberwa akainamisha birika. Likatoa tone moja, basi. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeinuka. Ta Lwakatare akamgeukia Elieth.

– Hebu jaribu tena, mwanangu.

Elieth akainua sindano kuelekea kwenye mwanga wa jua, akalamba ncha ya uzi, akabana jicho moja. Wote wakainama kutazama, hata Limi. Mkono ukatetemeka kidogo, ukatulia.

Uzi ukaingia.